Falsafa Iliyomo Ndani ya Dodoso

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi, nanyi mnaofanya utafiti wa jamii kwa kazi ya kila siku,

Nimeombwa nizungumzie misingi ya kifalsafa ya sosholojia na nadharia ya jamii. Katika vyuo vingi somo hili hupewa wiki mbili tatu za mwanzo, mtihani ukipita linasahauliwa, halafu watu wanaingia kwenye "utafiti wenyewe". Hoja yangu ni moja: huo utafiti wenyewe hauanzi kabla maswali ya falsafa hayajajibiwa. Mtafiti akitunga dodoso, ameshajibu. Akiamua ahesabu watu, kaya au mikoa, ameshajibu. Akiandika "kwa sababu" katika sura ya mwisho, amejibu swali zito kuliko yote. Shida ni kwamba mara nyingi hujibu bila kujua, na matokeo yake sura ya pili inasema hivi na sura ya nne inasema kinyume.

Maswali ni machache. Jamii ni kitu chenye tabia zake, au ni jina tu la watu walio wengi? Tunaijuaje? Kueleza jambo la kijamii ni kufanya nini hasa? Na maadili ya mtafiti yakae wapi? Sitayagawia muda sawa. Uharibifu mwingi huanzia kwenye la kwanza na la tatu, na huko ndiko nitakaa.

Nianze na mtu ambaye vitabu vingi vya utangulizi humtaja kwa mstari mmoja. Mwaka 1377 Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika utangulizi wa historia yake, Muqaddima, akadai kwamba kuna elimu mpya inayohusu maisha ya pamoja ya wanadamu. Angalieni anavyofanya kazi. Anachukua habari iliyosimuliwa na wanahistoria kwamba jeshi la Musa jangwani lilikuwa na watu 600,000 au zaidi. Haanzi kwa kuuliza msimulizi ni nani na ni mwaminifu kiasi gani. Anauliza kama jambo lenyewe linawezekana. Jeshi kubwa namna hiyo likijipanga vitani, upande mmoja hauwezi kujua kinachoendelea upande wa pili. Nchi ya ukubwa ule haiwezi kulilisha. Na Wana wa Israeli walioingia Misri wakiwa 70 hawawezi kuongezeka kiasi hicho ndani ya vizazi vichache na miaka 220.

Msingi wa hoja hiyo ni dai la kifalsafa: maisha ya jamii yana maumbile yake, na maumbile hayo yanaweka mipaka ya kinachoweza kutokea, apende asipende msimulizi. Bila dai hilo hakuna sosholojia. Kuna mkusanyiko wa masimulizi tu. Mwaka 1839, Auguste Comte alipoipa taaluma jina la sosholojia, alikuwa akidai jambo la ukoo huohuo, ingawa yeye alitaka sheria za kufanana na za fizikia. (Awali Comte aliiita fizikia ya jamii, lakini Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alikuwa akilitumia jina hilo kwa takwimu zake za "mtu wa wastani". Ugomvi wa majina katika taaluma hii ni wa zamani kuliko taaluma yenyewe.)

Sasa tuingie kwenye swali la kwanza. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1895, alisema mambo ya kijamii ni namna za kutenda, kufikiri na kuhisi zilizo nje ya mtu mmojammoja na zenye nguvu ya kumlazimisha. Akaagiza yachukuliwe kama vitu. Wengi husoma agizo hilo kana kwamba alisema jamii imeundwa kwa mata. Hakusema hivyo, na katika toleo la pili la kitabu hicho alijitetea waziwazi. Alichotaka ni hiki: usijidanganye kwamba unaijua ndoa, dini au soko kwa kujichungulia moyoni. Lichukulie kama jambo usilolijua, ulichunguze kwa nje.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alisimama upande mwingine. Kwake dola, kampuni au ukoo si kiumbe kinachotenda; ni mpangilio wa vitendo vya watu ambao kila mmoja ana maana anayoikusudia. Sosholojia kwake huanzia kwenye tendo lenye maana linalomwelekea mtu mwingine. Mvua ikinyesha na watu mia wakafungua miavuli kwa pamoja, hilo kwa Weber si tendo la kijamii. Kila mmoja anaelekea mvua. Waendesha baiskeli wawili wakigongana bila kukusudia, hilo ni tukio kama la maumbile. Lakini jaribio la kukwepana, na matusi au mazungumzo yanayofuata, ni matendo ya kijamii.

Wanafunzi hukariri tofauti hii kama jedwali la safu mbili. Inapokuja kuuma ni kwenye hesabu, na mfano bora ni kazi ya Durkheim mwenyewe ya mwaka 1897 kuhusu watu kujiua. Durkheim alilinganisha mikoa ya Prussia na Bavaria huko Ujerumani, akaona penye Waprotestanti wengi viwango viko juu kuliko penye Wakatoliki wengi. Alieleza kwamba dini ya Kikatoliki inawafunga waumini wake pamoja kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1950 W. S. Robinson alitoa onyo ambalo kila mtafiti anapaswa kulijua kwa namba zake. Alichukua sensa ya Marekani ya 1930, akapima uhusiano kati ya kuzaliwa nje ya nchi na kutojua kusoma. Kwa kulinganisha majimbo, uwiano (kipimo cha jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja, kuanzia -1 hadi +1) ulikuwa -0.53: jimbo lenye wageni wengi lilikuwa na wasiojua kusoma wachache. Kwa kulinganisha watu wenyewe, uwiano ulikuwa +0.12: mgeni alielekea kidogo zaidi kutojua kusoma. Alama imegeuka. Sababu yake haina uchawi. Wageni walikuwa wakihamia majimbo ambayo wenyeji wake tayari walikuwa wamesoma.

Je, basi Durkheim alikosea? Hapa takwimu peke yake haijibu, na ndipo falsafa inapodai ujira wake. Kama dai ni kwamba Mprotestanti mmojammoja yuko hatarini zaidi, basi jedwali la mikoa halithibitishi kitu. Huenda waliojiua katika mikoa ya Kiprotestanti walikuwa Wakatoliki wachache waliotengwa. Lakini kama dai ni kwamba kiwango ni sifa ya kundi, kwamba kuishi katika mkoa ambao mshikamano wake umelegea kunamgusa kila aliyemo, wa dini hii na ile, basi mkoa ndio kipimo halali na kosa alilolionya Robinson, la kuwahukumu watu kwa namba za makundi, halimhusu. Jedwali ni lilelile. Kinachoamua kama kuna kosa ni jibu ulilolitoa kuhusu jamii ni kitu gani. Durkheim, kwa bahati mbaya, aliteleza kutoka dai moja kwenda jingine ndani ya ukurasa uleule.

Kwa hiyo, kabla ya kukusanya data, andikeni sentensi tatu. Ya kwanza itaje ninadai sifa ya nani: mtu, kaya, shirika au mkoa. Ya pili itaje kipimo nilichonacho ni cha ngazi gani. Ya tatu, kama ngazi hizo hazilingani, itaje daraja la kuziunganisha. Kosa la kinyume lipo pia, nalo huadhibiwa mara chache: mtu anahoji watu 1,200, anakuta waliosoma wana kipato kikubwa, kisha anaandika kwamba nchi ikisomesha wote kipato cha wote kitapanda kwa kiwango kilekile. Kama sehemu ya faida ya elimu ya mtu ni kumzidi jirani yake kwenye foleni ya ajira, faida hiyo haipatikani wote wakisogea mbele hatua moja.

Nibaki hapohapo kwenye kujiua, kwa sababu swali la pili, la namna tunavyojua, limejificha kwenye takwimu zilezile. Mwaka 1967 Jack Douglas aliuliza: namba hizi zinatoka wapi? Fuateni njia yake. Mtu amekutwa amekufa. Afisa anapaswa kuamua kama marehemu alikusudia. Nia haionekani kwenye mwili, kwa hiyo afisa anatafuta dalili: kuna barua? alikuwa mgonjwa? familia inasema nini? kifo cha namna hii kwa kawaida huwa ni ajali au la? Kila dalili ni tafsiri, na tafsiri hiyo hupita kwa watu wenye sababu zao. Familia iliyoshikamana, inayoogopa aibu, yenye kauli mbele ya afisa, inaweza kusababisha kifo kiandikwe kuwa ajali. Sasa oneni mtego: mshikamano ambao Durkheim aliutaja kuwa unazuia kujiua unaweza pia kuzuia kuandikishwa kwa kujiua. Kisababishi kimoja kinagusa tukio na kumbukumbu ya tukio kwa mpigo. Kuongeza ukubwa wa sampuli hakusaidii chochote hapo; utapata kosa lilelile kwa uhakika mkubwa zaidi.

Dawa yake ni kutazama makundi jirani ya kumbukumbu. Kama kundi fulani lina vifo vichache vya kujiua, angalia vifo vyake vya ghafla, vya sumu, vya kuzama majini na vya sababu isiyojulikana. Frans van Poppel na Lincoln Day walifanya hivyo mwaka 1996 kwa data za Uholanzi za 1905 hadi 1910, zilizoonyesha dini ya kila marehemu. Walikuta kwamba pengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti linaweza kuelezwa na jinsi vifo vya Wakatoliki vilivyoandikwa katika makundi ya vifo vya ghafla na vya sababu isiyobainishwa.

Wengine wakifika hapa hukata tamaa na takwimu zote, wakasema kila kitu ni tafsiri. Huko ni kukimbia kazi. Alfred Schutz alitoa msimamo unaotumika: watu tunaowachunguza tayari wamekwisha kuipanga dunia yao kwa dhana zao, na dhana za mtafiti ni za daraja la pili, zimejengwa juu ya zao. Kwa vitendo, maneno ya mhojiwa yaandikwe kama alivyoyasema kabla ya kuyatia kwenye kundi. Kila kundi liwe na kanuni iliyoandikwa, pamoja na mfano mmoja unaoingia na mmoja unaokaribia kuingia lakini hauingii. Watu wawili wapange majibu yaleyale kila mmoja kivyake, na walipotofautiana pajadiliwe, pasifutwe. Mara nyingi hapo walipotofautiana ndipo penye ugunduzi. Halafu kuna kipimo cha Schutz mwenyewe: je, mhusika akielezwa maelezo yako kwa lugha yake ya kawaida, atayaona yanaeleweka?

Ila kipimo hicho kisigeuzwe kuwa hukumu ya mwisho. Karl Marx aliandika mwaka 1859 kwamba hatumhukumu mtu kwa anavyojifikiria mwenyewe, wala zama kwa fahamu zake. Mhusika kuelewa maelezo yako ni jambo moja. Kuyakubali ni jingine. Tajiri anaweza kuelewa vizuri sana maelezo ya unyonyaji na akayakataa. Andikeni ni kipi mnachokipima.

Sasa swali la tatu, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Sentensi inayoharibu tasnifu nyingi kuliko zote ni ya sura hii: "Jambo fulani lipo kwa sababu linasaidia jambo fulani." Mitihani ipo kwa sababu inahalalisha tofauti za matabaka. Dini ipo kwa sababu inaleta utulivu. Wafuasi wa uamilifu, nadharia inayoeleza kila taasisi kwa kazi inayoifanyia jamii, waliandika hivyo kwa upande wao, na wapinzani wao wa mrengo wa kushoto waliandika hivyohivyo kwa upande wao. Muundo wa hoja ni uleule. Jon Elster, mwanafalsafa wa Norway, ameeleza yanayotakiwa ili maelezo ya aina hiyo yasimame. Tuyapitie kwa mfano wa mitihani. Ni lazima mitihani kweli ilete uhalalishaji wa tofauti. Ni lazima uhalalishaji huo ulifae kundi fulani, tuseme tabaka la juu. Ni lazima matokeo hayo yasiwe yamekusudiwa na wahusika, la sivyo haya ni maelezo ya kawaida ya nia. Ni lazima wahusika wasiyatambue. Na ni lazima matokeo hayo yazunguke na kuidumisha mitihani, kwa njia inayopita kwa kundi hilohilo.

Sharti la mwisho ndilo linalokosekana karibu kila mara. Mwandishi anaonyesha faida, kisha anaruka hadi kwenye chanzo. Nani aliyeiongezea bajeti mitihani iliyofaa? Mitihani isiyofaa ilifutwa na utaratibu gani? Kama huwezi kuonyesha mzunguko, una maelezo ya matokeo, na hayo yana thamani yake, yaite hivyo. Zaidi ya hapo Carl Hempel alionyesha mwaka 1959 kwamba hata kama hitaji lipo, huwezi kuhitimisha kwamba kitu hiki hasa lazima kiwepo, maana kingine kingeweza kulitimiza. Kama urithi wa jina la familia ungehalalisha tofauti vilevile, bado hujaeleza kwa nini ni mitihani.

Njia iliyo salama zaidi ni kuvunja maelezo katika hatua. James Coleman, mwaka 1990, alichora mchoro ambao sasa unajulikana sana: kutoka hali ya jamii shuka hadi hali ya mtu, kutoka hali ya mtu nenda kwenye tendo lake, kutoka matendo panda tena hadi hali mpya ya jamii. Mishale mitatu. Alitumia hoja ya Weber ya 1904 na 1905 kuhusu Uprotestanti na ubepari. Mafundisho ya dini yanaunda maadili ya muumini. Huo ni mshale wa kwanza. Maadili yanaongoza mwenendo wake wa kazi na mali, wa pili. Kisha? Waumini wengi wenye bidii si ubepari bado. Ubepari unahitaji soko la ajira, mikataba, mwajiri na mwajiriwa wanaokutana. Mshale wa tatu, kwa maoni ya Coleman, Weber hakuuchora vya kutosha.

Mshale huo wa tatu hudharauliwa kwa sababu watu hudhani kupanda kutoka kwa mtu hadi kwa jamii ni kujumlisha tu. Thomas Schelling alionyesha mwaka 1971 kwamba sivyo. Weka watu wa aina mbili kwenye ubao wa miraba. Kila mmoja anaridhika ikiwa zaidi ya theluthi ya majirani zake wanafanana naye, yaani hajali kabisa kuwa katika wachache. Asiyeridhika anahamia mraba ulio wazi unaomfaa. Baada ya hatua kadhaa ubao unagawanyika katika mitaa iliyotengana vikali, kuliko mtu yeyote alivyotaka. Kila kuhama kunawabadilishia hesabu wale walioachwa na wale waliopokelewa, nao wanahama pia. Kutokana na ramani ya mwisho huwezi kusoma chuki iliyomo mioyoni, na kutokana na mioyo huwezi kutabiri ramani bila kufuata hatua. Anayebisha baina ya "muundo" na "mtu" bila kuonyesha hatua hizo anabishana na hewa.

Kuhusu maadili nitakuwa mfupi, maana jambo hili ni rahisi kulisema kuliko kulitenda. David Hume, 1740, alituachia onyo kwamba kutoka kwenye "ndivyo ilivyo" huwezi kufika kwenye "ndivyo inavyopaswa kuwa" kwa mantiki peke yake. Weber akagawa kazi: maadili yako yana haki ya kuchagua swali, hayana haki ya kuchagua jibu. Njia ya kujipima ni kuandika, kabla ya kuchambua, matokeo ambayo yangekufanya ukubali kwamba umekosea. Ukishindwa kuyataja, ulichonacho ni msimamo, si dhana ya kupimwa.

Limebaki jambo moja ambalo fizikia hailijui. Nyota haisomi kitabu cha elimu ya nyota. Watu husoma vitabu vyetu. Robert Merton aliandika mwaka 1948 kuhusu utabiri unaojitimiza: benki nzima kifedha, uvumi kwamba inafilisika, wateja wanakimbilia kutoa fedha zao, benki inafilisika kweli. Mwanafalsafa Ian Hacking akaenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba makundi tunayowatia watu huwabadilisha watu hao, nao wakibadilika wanayabadilisha makundi.

Chukueni usonji (autism), hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, mfano ambao Hacking mwenyewe aliushughulikia. Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 kwa watoto 11. Mwongozo wa uainishaji wa magonjwa ya akili wa Marekani uliupa nafasi yake mwaka 1980, ukaongeza hali ya Asperger mwaka 1994, na mwaka 2013 ukaunganisha yote kuwa wigo mmoja. Katikati ya miaka hiyo wazazi waliunda vyama, shule zilianzisha huduma zilizohitaji cheti, na watu wazima wenye usonji walianza kujiandikia habari zao na kupinga maelezo ya wataalamu. Mtoto aliyeainishwa leo anaingia katika kundi ambalo waliomtangulia wameligeuza.

Mwanafunzi akichora mstari mmoja wa viwango kutoka 1970 hadi leo na kuuita ongezeko, amechanganya mambo matatu: watoto, kanuni za kuainisha, na huduma zinazowavuta wazazi kutafuta uainishaji. Kata mstari mwaka 1980, ukate 1994, ukate 2013. Katika kila kipande eleza kanuni iliyokuwa ikitumika na nani aliyekuwa na mamlaka ya kuainisha. Ukiweza kupata sampuli ya majalada ya zamani, yaainishwe upya kwa kanuni mpya, kwa sababu tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo sehemu ya ongezeko iliyotokana na kanuni. Inayobaki baada ya hapo ndiyo inayostahili kutafutiwa sababu nyingine.